Mashauri ya Mitambo: Nyumba ya Magurudumu Inapokataa Kuwaka



Wengi wenu mnaifahamu injini ya dizeli kwa kuiona katika trekta, lori, au mashini ya kusagia mahindi. Juma hili tuitazame injini hiyo hiyo ikiwa inaendesha nyumba. Katika nchi za Ulaya wako watu wenye magari makubwa yaliyopangwa ndani kama nyumba, yenye kitanda, jiko, tangi la maji na kabati la nguo. Baadhi yao husafiri nayo mpaka huku kwetu, wakaingia Kenya kwa njia ya Moyale au Namanga. Gari moja lipendwalo kwa kazi hiyo ni Mercedes-Benz L 508 D, lililotengenezwa Düsseldorf, Ujerumani. Injini yake ina silinda 4 na ukubwa wa litri 3.8, wala haina kompyuta. Kwa hiyo mtu mwenye spana, taa na subira aweza kuichunguza mwenyewe popote alipo.

Yapasa kujua kwanza kwamba gari la namna hii huharibika kwa kukaa kuliko kwa kwenda. Lori la biashara hufanya kazi kila siku, bali nyumba ya magurudumu yaweza kusimama miezi 6 bila kuwashwa. Wakati huo betri huisha nguvu, na mipira ipitishayo mafuta hukauka na kupasuka. Tangi lisilojaa huingiwa na unyevu, ambao hugeuka maji chini ya dizeli. Katika maji hayo huota vijidudu vifanyavyo utelezi mweusi, nao huziba chujio. Basi injini ikikataa kuwaka, usiishtaki upesi ile pampu kubwa isukumayo mafuta, ambayo ni ya thamani sana. Anza na vitu vya bei ndogo.

Injini aliyoibuni Bwana Rudolf Diesel, akafaulu kuiendesha huko Augsburg mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikapata joto lipitalo digrii 500. Kisha mafuta hunyunyizwa humo, yakawaka yenyewe. Kwa hiyo kila injini ya dizeli isiyowaka imekosa mojawapo ya mambo matatu: hewa, mafuta, au mbano wa kutosha. Tuyafuate kwa taratibu.

Kwanza, sikiliza starta. Ikizungusha injini polepole, hewa haipati joto la kutosha, hata kama pampu ni nzima. Pima betri, safisha vichwa vyake, ukaze nyaya, pamoja na ule wa ardhi ufungwao kwenye chuma cha gari. Taa na feni za nyumba zafaa ziwe na betri yake ya pili, ili usomaji wa usiku usile nguvu ya kuwashia asubuhi.

Pili, starta ikizungusha vizuri, tazama bomba la moshi. Kama moshi mweupe watoka, mafuta yanafika kwenye silinda. Kama hautoki moshi wowote, mafuta hayafiki. Tazama tangi, tazama kebo ya kuzimia injini, maana yaweza kukwama ikafunga njia ya mafuta, kisha fungua chujio umwage maji na uchafu.

Tatu, tafuta hewa iliyoingia katika njia ya mafuta. Dalili yake ni injini kuwaka kidogo na kufa. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, kinga kopo chini, kisha sukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakome na dizeli itoke safi, ndipo ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mapovu yakirudi kesho yake, uko mpira uliopasuka au pete iliyochakaa. Lakini usitafute uvujaji wa bomba la nozeli kwa kidole: dizeli itokayo hapo hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama la sindano, lataka daktari siku hiyo hiyo.

Injini ikisha kuwaka, moshi wake nao ni shahidi. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Moshi mweusi maana yake mafuta yazidi hewa: safisha chujio la hewa, kisha upunguze mzigo. Moshi mweupe wa asubuhi usioendelea si neno. Lakini ukidumu, na maji ya rejeta yakapungua, huenda gasketi ya hedi imeungua. Moshi wa buluu waonyesha kwamba oili inaungua ndani, basi pima oili kila asubuhi.

Katika mlima mrefu, kama ule utokao Mai Mahiu kupanda Limuru, gari zito hupata joto. Tumia gia ndogo, uhakikishe ukanda wa feni umekaza na rejeta haikuzibwa na wadudu na mbegu za majani. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali na moto. Katika kuteremka pia tumia gia ndogo, kwa maana breki zikishika moto zitakosa nguvu, na walio ndani ni jamaa yako. Wala asilale mtu humo injini ikinguruma, kwani moshi wake una sumu.

Mwisho, weka daftari. Andika tarehe, maili au kilomita, siku ya kubadili oili na chujio, na kila dalili uliyoiona. Shauri hili lamfaa hata mwenye mashini ya kusagia, maana hasara ya siku moja bila kusaga ni kubwa kuliko bei ya chujio. Ikikulazimu kumwita fundi, mpe daftari hilo kwanza. Ataanzia pale ulipoishia, nawe hutalipa gharama ya kubahatisha.