Boti Ikisimama Kigoma, Fikeni Ujiji



Juma hili tunawapeleka mbali kidogo na Bunagana yetu. Kuna wamama wanaovuka Ziwa Tanganyika kwa boti, kutoka Kalemie ao Uvira mpaka Kigoma, wengine kwa biashara, wengine kuona ndugu walio katika kambi ya Nyarugusu. Boti ikisimama pale kupakua mizigo, wengi hukaa bandarini siku nzima wakilinda mabegi. Tunawashauri hivi: wawili wabaki na mizigo, wengine wapande daladala mpaka Ujiji. Ni karibu, na kuna jambo linalotuhusu.

Ujiji ni bandari ya zamani. Siku hizi maji yamerudi nyuma, na pale jahazi zilipofunga ni nchi kavu. Mutaonyeshwa jumba la makumbusho na miembe, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wengi hupiga picha, kisha wanaenda zao.

Ninyi muulize swali moja zaidi: huyo mzee alikuwa ametoka wapi? Alitoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kule Maniema, katika nchi yetu. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki katikati ya soko. Wengi waliokuwa sokoni walikuwa wanawake, waliokuja na samaki na vyungu vyao. Walikimbilia mtoni, na wengi wakazama. Mamia walikufa. Livingstone aliandika yote, na Stanley akabeba barua zake mpaka Ulaya. Habari hiyo iliwachoma watu mioyo, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Waliokamatwa walivushwa ziwa mpaka Ujiji, kisha wakatembea kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo kwenye bahari. Mpaka leo kuna familia nyingi za Ujiji zinazoitwa Wamanyema. Asili yao ni huku kwetu. Hata Kiswahili tunachowaandikia kilifika Kongo kwa njia hiyo hiyo ya misafara.

Sisi tunaouza maharagi na viazi mpakani tunajua soko kutawanywa na risasi ni nini. Basi wale wa Nyangwe ni wenzetu. Majina ya wanaume wawili yameandikwa chini ya mwembe, lakini majina ya wamama wale hatuyajui. Kazi ya kuwakumbuka imebaki kwetu.

Jioni moja juma hili, wakati chungu kiko motoni, waelezeni watoto habari ya soko la Nyangwe. Na wenye nyanya ao bibi angali hai, mumuulize masoko aliyotembelea kwa miguu alipokuwa msichana. Leteni majibu kwenye mkutano wa kikundi, tuyaandike kwenye daftari.

Mubaki salama mpaka juma lijalo.