Folda Zisizoonekana

Jamaa za askari huhama mara kwa mara, na siku hizi kompyuta nayo hufungwa pamoja na masufuria na magodoro. Ikiwa imechakaa, picha na kazi za shule hunakiliwa katika flashi, kisha mashine yenyewe hufutwa na kugawiwa. Baada ya wiki moja mama wa nyumba hufungua kompyuta mpya na kuuliza: barua-pepe za miaka mitano zimekwenda wapi? Kila folda iliyoonekana ilinakiliwa. Zilizopotea ni zile zisizoonekana.

Yafaa kwanza ijulikane jinsi programu inavyoyapata makazi ya mtumiaji wake. Kwa hakika haitafuti, huuliza. Katika Linux, kama ilivyokuwa katika Unix iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs nchini Marekani, lipo daftari liitwalo /etc/passwd. Ni mfano wa daftari la kambini: kila mtumiaji ana mstari wake wenye sehemu saba, zilizotengwa kwa nukta pacha. Ya kwanza ni jina, ya tatu ni namba yake, na ya sita ni makazi yake, tuseme /home/asha. Asha aingiapo kwa neno lake la siri, mfumo huusoma mstari huo na kuyatangaza makazi yake kwa jina la HOME, na kila programu aifunguayo hulikuta tangazo hilo. Likikosekana, programu nyingi hurudi daftarini na kumtafuta kwa namba.

Kwa hiyo programu haimjui mtu aliyeketi mbele yake. Hulijua jina lililoingia tu. Nyumba ambamo baba, mama na watoto wote huingia kwa jina moja, mtoto akifungua programu ya barua atazikuta barua za baba. Kumfungulia kila mmoja akaunti yake ni kazi ya dakika chache, na ajabu ni kwamba wengi hawaifanyi.

Sasa zile folda zilizofichika. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, amesimulia kwamba jambo hili lilianza kwa bahati mbaya. Kila folda ya Unix ina majina mawili ya kimfumo, nukta moja na nukta mbili, na waandishi wa amri ya kuorodhesha faili hawakutaka yaonekane. Wakaiamuru iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Watunzi wa programu wakaona hapo pana pahali pazuri pa kuficha mipangilio yao, na makazi ya watu yakajaa takataka zisizoonekana. Mwaka 2003 mradi wa freedesktop.org ulitoa utaratibu: mipangilio ikae katika folda ya .config, data katika .local/share, na vitu vya muda katika .cache. Programu nyingi zimetii, nyingine hadi leo zimekaidi.

Katika Windows, tangu toleo la Vista, makazi huwa ndani ya C:\Users, na mipangilio hukaa humo katika folda iliyofichwa iitwayo AppData.

Basi anayehama mashine aifunge kwanza programu ya barua. Katika Linux, vidhibiti faili vingi huonyesha yaliyofichwa kwa kubonyeza Ctrl na H. Anayetumia Thunderbird kwa kawaida ataikuta folda ya .thunderbird, katika Windows itakuwa AppData\Roaming\Thunderbird. Inakiliwe nzima, pamoja na .config na .local; .cache yaweza kuachwa. Barua ambazo bado zimehifadhiwa kwa mtoa huduma zitashuka upya zenyewe, lakini zile zilizoteremshwa na kufutwa huko zimo katika folda hiyo peke yake, na mashine ya zamani isifutwe mpaka zimefunguliwa na kusomwa katika mpya.