BEI YA KWELI YA PROGRAMU



Siku hizi ordinatere iliyokwisha kutumika inaingia katika nyumba nyingi, na wazazi wanatuambia: "Wewe unayesoma, tia humo madeni ya duka letu." Mara moja kijana anakimbia mjini kutafuta kopi ya wizi ya Microsoft Access. Mimi nasema hapana. Si lazima kuiba, tena si lazima kulipa.

Kwanza tuelewane. Databesi ni daftari zinazojuana. Katika kitabu cha kawaida mama anaandika mdeni leo "Mama Furaha", kesho "Furaha wa pale chini", na mwisho hesabu inapotea. Katika databesi kuna daftari ya watu, ya vitu na ya madeni. Jina linaandikwa mara moja tu na kupata namba, na kila deni linashika ile namba. Ukiuliza nani hajalipa tangu mwezi wa tatu, jibu linatoka palepale. Lakini kama uko na orodha moja fupi tu, usijisumbue: kalamu inatosha.

Sasa bei. Access ilitoka mwaka 1992, na ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini inafanya kazi kwa Windows peke yake, na ni ya kulipia. Kopi ya wizi nayo inaweza kuleta virusi, na madeni yote ya mama yakaenda siku moja.

LibreOffice iliyoanza mwaka 2010 haina bei, na ndani yake mna Base inayofanya kazi ya namna ile ile, kwa Windows na kwa Linux. Kuna tena SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 na kuiachia watu wote. Habari zinakaa katika faili moja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, imetengenezwa ili kazi ile iingie yote ama isiingie kabisa. Sisi tunaojua umeme wetu tunaelewa maana yake! Kwa kuandikia humo, kuna DB Browser for SQLite, nayo ni ya bure.

Wenzangu wengine wanasema cha bure hakina thamani. Kweli, Base inaweza kwenda polepole, na kuizoea kunaomba uvumilivu. Lakini bei ya programu haionekani siku ya kuipata tu. Inaonekana siku unataka kuiacha. Uliza hivi: naweza kutoa habari zangu zote katika faili ya CSV, yaani maandishi matupu, na kuzipeleka kwingine? Programu ikifungwa na wewe ukabaki nje ya habari zako, hiyo iko ya bei kali, hata kama ulipewa zawadi.

Tena tujue hili: kunakili LibreOffice kwa flashi na kumpa jirani kunaruhusiwa. Basi mmoja wetu alipe mega za kuishusha, wengine wanakili kwake bila kuogopa mtu. Na kila posho, kopi ya madeni iende kwa flashi, maana hakuna programu inayozuia ordinatere kufa.

Tuwasaidie wazazi wetu kwa mikono safi.