Kipindi cha Michezo: Binti Zetu Wasikae Chini ya Mti

Kila mwaka wa shule unapoanza, mwezi Januari, wazazi wa Dodoma, Kondoa, Singida na vijiji vyake hupewa orodha ya mahitaji ya mwanafunzi: madaftari, sare, ufagio, jembe, na mwisho kabisa nguo za michezo. Hilo la mwisho ndilo linalozusha maneno katika nyumba nyingi za Waislamu. Mzazi huyu huguna na kulipuuza. Mwingine humwandikia mwalimu mkuu barua kuomba binti yake asamehewe kipindi hicho kwa sababu za dini. Mwalimu, kwa kuogopa lawama, hukubali upesi. Basi kipindi kinapofika, wavulana hutimka uwanjani, na binti zetu hubaki chini ya mti wakilinda mabegi ya wenzao. Jambo hili limezoeleka mno hata limeonekana kuwa ndiyo dini yenyewe. Sisi hatukubaliani na mazoea hayo.

Kwanza tukumbushane kwamba kipindi hiki ni somo. Katika mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 kulikuwa na somo la Haiba na Michezo, na katika mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 lipo somo la Sanaa na Michezo. Tunawazungumzia hasa watoto wa umri wa miaka 11 hadi 15, walio katika madarasa ya juu ya msingi na vidato vya mwanzo, ambao wazee wetu waliosoma kabla ya Uhuru wangesema wako shule ya kati. Ni umri ambao mifupa inarefuka, tabia inajengeka, na mtoto anaanza kuuonea haya mwili wake. Anayenyimwa somo hili katika umri huo ni vigumu kuja kulipata baadaye.

Je, mwalimu anataka nini kwa mwanafunzi? Wazazi wengi hudhani anataka mabao na vikombe vya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mashindano hayo yana faida yake, na yaliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi walisikitika hadi yaliporejeshwa. Lakini yanawahusu wachache waliochaguliwa. Darasani, mwanafunzi anatakiwa kufika kwa wakati, kuvaa nguo inayouruhusu mwili kwenda, kunyoosha viungo kabla ya kukimbia, kusikiliza maelekezo, kufuata kanuni za mchezo hata mwamuzi anapompa mpinzani haki, na kujitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Mtoto mnene aliyezunguka uwanja mara moja wiki iliyopita na leo akazunguka mara mbili amefaulu somo hili kuliko mwenye mbio za kuzaliwa aliyetembea kwa maringo. Mwalimu anayetoa alama kwa kumtazama aliyewahi kufika tu, hajalielewa somo analolifundisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 ashughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Utafiti wa kimataifa wa shirika hilo, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Msomaji wa Bahi au Chamwino atacheka, kwani mwanawe hutembea mwendo mrefu kwenda shule na akirudi huteka maji. Ana haki ya kucheka. Lakini tuutazame mji wa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Mtoto wa Kisasa au Ilazo huchukuliwa mlangoni kwa basi la shule au bodaboda, hukaa darasani, hukaa madrasa, kisha hukaa na simu. Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu tunayoyaombea dua misikitini kila Ijumaa yana mizizi katika kukaa huko.

Wapo wanaosema michezo ni upuuzi usiomstahili Muislamu. Hao tunawarejesha kwenye sira. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), akashindwa mara moja na kushinda mara nyingine, kwamba alipigana mieleka na Rukana akamwangusha, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini mwake naye hakuwakataza. Hakuna anayeweza kuyasoma hayo kisha akasema kukimbia ni haramu.

Linalobaki ni stara, na hili ni hoja ya kweli wala hatulifanyii mzaha. Binti aliyebaleghe halazimishwi kuvaa bukta. Lakini tangu lini ikawa hakuna kati ya bukta na kukaa chini ya mti? Suruali pana, shati refu la mikono mirefu na ushungi uliobana vizuri bila pini vinatosha kwa mbio, netiboli na mpira wa wavu. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda medali ya dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006 akiwa amejistiri kichwa hadi miguu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan kwa sababu ya ushungi, na watu wakasema mambo yamekwisha. Mwaka 2014 watunga sheria za mpira wa miguu duniani wakauruhusu, na mwaka 2017 mpira wa kikapu ukafuata. Uwanja wa kimataifa unapomkubali binti mwenye ushungi, uwanja wa vumbi na mbigili wa shule ya kata hauna sababu ya kumkataa. Wala baba yake hana sababu ya kumtoa.

Na tuseme jambo ambalo hatulisikii mimbarini. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Mvulana wetu akiwa na bukta ya kubana iliyoishia katikati ya paja, hakuna anayeandika barua. Suruali iwe ya wote wawili.

Kuhusu mchanganyiko wa wasichana na wavulana, hofu ya wazee tunaielewa. Lakini darasa la wanafunzi 70 au 80 halichezi mpira mmoja. Mwalimu hulazimika kuligawa kwa vyovyote. Aligawe basi wasichana upande wao na wavulana upande wao, na wasichana wasimamiwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Hilo halihitaji fedha wala waraka.

Wenzetu wanaoishi Ulaya wamefikishana mahakamani kwa mambo haya. Ujerumani, mwaka 1993, mahakama ilimruhusu binti wa Kiislamu wa miaka 12 kutoshiriki mazoezi ya mchanganyiko kwa kuwa shule haikumwekea kipindi cha wasichana. Miaka 20 baadaye, mwaka 2013, mahakama hiyo hiyo ilimkatalia binti mwingine, ikisema angeweza kuogelea akiwa na vazi la kujistiri. Uswisi, wazazi wa Basel walitozwa faini ya faranga 1,400 kwa kuwazuia binti zao wadogo masomo ya kuogelea, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema shule ilikuwa katika haki yake. Ugomvi wetu ni mdogo kuliko huo. Hatuna mabwawa ya kuogelea. Tuna suala la suruali, na suala la mahali pa kubadilishia nguo.

Hapo kwenye kubadilisha nguo ndipo penye uzito, na tunaona wazazi wengi hawajui. Binti wa miaka 13 akiwa katika siku zake, shule haina chumba, choo hakina mlango wala maji, na Dodoma maji ni shida tangu enzi na enzi. Huyo atasema anaumwa kichwa, au atasema dini inamkataza, kwa kuwa hilo ndilo jibu lisiloulizwa zaidi. Dini yetu inatwikwa mzigo ambao ni wa mlango na ndoo ya maji. Kamati ya msikiti inayoweza kuchangisha zulia inaweza kuchangisha mlango.

Kwa upande wa walimu tuna maneno mawili. La kwanza ni adhabu. Mtoto akichelewa anarushwa kichura. Akisahau daftari anapigishwa pushapu au kuzungushwa uwanja juani. Kisha mwalimu huyo huyo anashangaa kwa nini watoto wanachukia mazoezi. Zoezi lililotumiwa kama fimbo litachukiwa kama fimbo. Watu wazima wengi waliosoma nchi hii wanakumbuka mchakamchaka wa asubuhi na nyimbo zake kwa furaha, kwa sababu walikimbia wote pamoja, bila kuwa na kosa.

La pili ni saumu. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na kuingia Machi, muhula ukiwa umepamba moto na jua la nyanda za kati likichoma baina ya mvua na mvua. Mtoto aliyefunga asikimbizwe saa saba mchana. Ahudhurie, ahesabu mabao, ashike saa, ajifunze kanuni na uamuzi, anyooshe viungo kivulini; au kipindi kihamishiwe asubuhi. Mwanafunzi naye asiifanye saumu kisingizio: aliyekula daku na kula tena kwa siri saa nne hana msamaha wa kuomba.

Katika nyanda hizi hizi, mkoani Singida, amezaliwa Alphonce Simbu, aliyepata medali ya shaba ya marathoni ya dunia mjini London mwaka 2017 na dhahabu mjini Tokyo Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sehemu ya sekunde baada ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Hatusemi kila mtoto atakuwa Simbu. Tunasema ardhi na hewa ni zile zile, na miongoni mwa wanaolinda mabegi chini ya mti hatujui yupo nani.

Basi tunawaomba maimamu na kamati za misikiti, hasa akina mama walio katika kamati hizo, wasisubiri mgogoro. Waende shuleni kabla ya muhula kuanza na tena kabla ya Ramadhani, wawili au watatu, kwa adabu, wakubaliane na mwalimu mkuu juu ya vazi, mgawanyo wa vikundi, saa ya kipindi na chumba cha kubadilishia. Fundi wa mtaani anaweza kushona suruali za watoto wote wa msikiti kwa pamoja, na bei ikapungua. Mayatima walipiwe na mfuko wa msikiti. Rangi ya kitambaa aulizwe mwalimu mkuu kwanza, kabla fundi hajakata.