Sisi wa Tarehe Moja Januari

Bibi alikuwa wa nne kwenye foleni. Ukumbi wa kanisa ulifunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama vituo vyote vya kupigia kura vya Ohio, naye alikuwa amesimama nje tangu giza, kajifunga kitenge juu ya koti zito la Novemba. Karani akapokea kitambulisho, akaandika jina kwenye tableti, akatazama. Akaandika tena. Akakigeuza kitambulisho nyuma, akakirudisha mbele. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba jina halimo.

Lilikuwamo. Tulikuja kulikuta baadaye: daftari lilikuwa limelifanya jina lake la kati kuwa la ukoo, na la ukoo likagandishwa na la kwanza bila nafasi katikati. Kwao Kongo mtu ana majina matatu yenye mpangilio wake. Kambini karani wa wakimbizi akayapanga kivyake, walipotua Marekani yakapangwa upya, na fomu za huku zina visanduku vyake: la kwanza, la kati, la mwisho. Bibi huyo mmoja ana karatasi nne zenye majina yaliyopangwa kwa namna nne, na zote nne ni za serikali.

Hakufukuzwa. Alipewa kura ya masharti, ile inayotiwa kwenye bahasha, mwenyewe akaweka sahihi juu yake, halafu inangoja bodi ya uchaguzi ya kaunti iamue kama itahesabiwa. Waliokuwa nyuma yake waliingiza karatasi zao kwenye mashine wakatoka na kibandiko kifuani. Yeye alitoka na kikaratasi chenye namba ya simu.

Tunalisema hili kwa pamoja kwa sababu si la Bibi peke yake. Sisi ni raia wa Marekani tunaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengine tulipitia kambi za Nyarugusu au Kakuma, wengine tulitoka Nairobi na Dar es Salaam kwa masomo tukakaa. Tuliinua mkono wa kulia tukaapa mbele ya hakimu, tukalia, tukapiga picha na bendera ndogo. Kila tunapokutana, msibani, harusini, kwenye maegesho baada ya ibada, kuna mmoja mwenye barua mkononi anayeuliza: wewe yako ilikuwaje?

Tuanze na siku ya kuzaliwa. Ukiuliza chumba kizima cha watu wazima wa kwetu walizaliwa lini, utasikia moja Januari, moja Januari, moja Januari. Si kwamba mama zetu wote walijifungua mwaka mpya. Mtu alikimbia vita bila cheti, akafika kambini, akaulizwa mwaka, akasema mwaka wa mavuno fulani au mwaka fulani wa vita. Karani akapiga hesabu, akajaza mwaka, na penye siku na mwezi akaweka 1 Januari. Tarehe hiyo ikatufuata hadi kwenye leseni ya udereva, hadi kwenye cheti cha uraia, hadi kwenye daftari la wapigakura. Sasa chukua majina yetu, ambayo ni yale yale ya manabii na ya siku za juma, uyaunganishe na tarehe moja. Kwa mashine inayolinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, Juma wa Dayton na Juma wa Akron ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili.

Na mashine za namna hiyo zimekuwapo. Kansas iliendesha kwa miaka mingi mpango ulioitwa Crosscheck, majimbo yakileta madaftari yao yakalinganishwa kwa jina la kwanza, la mwisho na tarehe ya kuzaliwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford, Harvard na Pennsylvania, pamoja na wa Microsoft, walipoichunguza waliona kwamba mojawapo ya njia za kufuta majina zilizopendekezwa ingezuia kura halali kwa mamia ili kuzuia moja tu iliyopigwa mara mbili. Mpango ulisimamishwa mwaka 2019 baada ya kesi. Lakini mawazo yaliyouzaa hayajasimama: kwamba watu wawili wakifanana, mmoja wao ni mwongo.

Hatulichukii daftari lenyewe. Wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka mwaka 2000, Florida ilipoamua nani awe rais kwa tofauti ya kura 537, na ikajulikana kwamba orodha ya kufuta daftarini watu waliodaiwa kuwa wahalifu ilikuwa imewanasa raia wasio na hatia kwa kufanana majina. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2002: kila jimbo linaloandikisha wapigakura liwe na daftari moja la kompyuta, badala ya kila kaunti na makabati yake. Kwa watu kama sisi, tunaohama kufuata kazi ya kiwanda cha nyama leo na ghala kesho, hiyo ilikuwa neema. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa Bibi haki ya bahasha yake. Kabla yake angeweza kuambiwa aende zake.

Tatizo ni kwamba daftari hilo linalinganishwa na kumbukumbu nyingine, za leseni za udereva na za hifadhi ya jamii, na pale zisipopatana, anayetakiwa kueleza ni mwananchi. Georgia mwaka 2018 maombi ya uandikishaji kama 53,000 yalikuwa yamesimamishwa, mengi kwa sababu ya herufi au kistari ambacho hakikulingana, na takriban asilimia 70 ya wenye maombi hayo walikuwa Weusi. Kistari! Karani akibonyeza vibaya, mwenye jina ndiye anayekwenda kujitetea.

Na leseni ndiyo inayotuumiza kuliko yote. Mtu anapata leseni yake ya kwanza akiwa na kadi ya ukaazi. Ofisi ya leseni inaandika: si raia. Na ni kweli, siku hiyo si raia. Miaka inapita, anasoma maswali ya historia usiku baada ya kazi, anafaulu, anaapa, na siku hiyo hiyo anakabidhiwa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, anaijaza kwa furaha. Ofisi ya leseni haina habari. Kwa ofisi hiyo yeye bado ni mgeni, mpaka leseni itakapokwisha muda.

Januari 2019, katibu wa jimbo la Texas alitangaza kwamba watu takriban 95,000 walioandikishwa wametambuliwa kuwa huenda si raia, na kwamba 58,000 kati yao walikwisha kupiga kura. Tangazo likaenda nchi nzima, rais akalirudia. Siku chache tu zikapita, kaunti zikaanza kuambiwa kwamba watu kama 25,000 hawakupaswa kuwamo katika orodha hiyo. Walikuwa raia walioapishwa. Walikuwa sisi. Aprili jimbo likakubali mahakamani kuacha zoezi hilo, Mei katibu akaondoka. Lakini tangazo la kwanza lilisikika hadi kwa majirani zetu, na la kusahihisha halikufika nusu ya njia. Mwaka 2024 Alabama ikarudia: majina 3,251, siku 84 kabla ya uchaguzi, wakati sheria ya shirikisho ya 1993 inakataza kufuta watu kwa mkupuo ndani ya siku 90. Mahakama ilipoingilia Oktoba, ilionekana kwamba walau 2,000 kati yao walikuwa na haki kamili ya kupiga kura.

Wanaotuma barua hizo hawajaona zinavyopokewa. Bahasha inafika, ina nembo ya kaunti. Anayeifungua ni mtoto wa darasa la sita, kwa sababu ndiye msomaji wa nyumba. Anasoma: thibitisha uraia wako ndani ya siku 30. Baba anakaa chini. Sisi tunajua kwamba asiye raia akijiandikisha anaweza kufukuzwa nchini, na hatupingi hilo. Tulingoja zamu yetu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo barua inayouliza kama wewe ni raia tunaisoma kama barua ya polisi. Mama anainua godoro anatoa bahasha ya plastiki. Cheti chenyewe kimechapishwa onyo kwamba kukinakili bila idhini ya sheria ni kosa, na barua inataka nakala. Ukikituma chenyewe kikapotea kwenye posta, kipya ni zaidi ya dola 500. Tunawajua watu wazima, wenye akili zao, walioamua kwamba ni salama zaidi kuacha jina lifutwe. Hawajapiga kura tena.

Kiswahili hakimo katika lugha ambazo sheria ya shirikisho inazilazimisha kaunti kutafsiria. Imetaja Kihispania na lugha za Waasia na wenyeji wa asili. Hata hivyo sheria hiyo inaruhusu asiyeweza kusoma karatasi ya kura aingie na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Wengi wetu tulilijua hili baada ya uchaguzi wa tatu. Mwambie na jirani.

Hapa Ohio kuna jingine. Usipopiga kura miaka miwili, unatumiwa kadi. Usipoijibu, na usipopiga kura miaka mingine minne, unafutwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha utaratibu huu mwaka 2018, majaji watano kwa wanne. Mmoja wa walalamikaji, Larry Harmon, aliwahi kutumikia jeshi la majini na alikuwa ameishi nyumba ile ile zaidi ya miaka 16. Hakukumbuka kuiona kadi yoyote. Kama yeye hakuikumbuka, sisi je, tunaofanya zamu ya usiku ghalani na kukuta sanduku la barua limejaa matangazo ya piza na bima?

Mwaka uliofuata, kabla ya kufuta watu, jimbo lilifanya jambo tunalolisifu bila kusita: liliyatoa majina, kama 235,000, likavipa vyama vya kiraia viyapitie. Karibu 40,000 yalikutwa hayastahili kuwamo. Mkurugenzi wa League of Women Voters wa Ohio, Jen Miller, ambaye kazi yake ni kuhimiza watu wapige kura, alilikuta jina lake mwenyewe. Makosa hayo yalionekana kwa sababu macho ya watu yaliruhusiwa kuyatazama.

Nyumbani Tanzania na Kenya tulizoea hivyo. Kuna madaftari yenye matatizo makubwa kuliko ya huku, hatudanganyi. Lakini orodha hubandikwa kwenye ukuta wa shule, unakwenda na kidole, unashuka nacho jina kwa jina, na usipoliona unapiga kelele pale pale, majirani wakiwepo. Minnesota, ambako wenzetu wa Afrika Mashariki ni wengi, tangu miaka ya 1970 mtu anajiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, na jirani aliyeandikishwa anaweza kuapa kwamba anamjua, anakaa pale. Alipotusimulia binamu yetu wa Minneapolis tulidhani anamzungumzia balozi wa nyumba kumi wa kule Tanzania. Ohio mwisho wa kujiandikisha ni siku 30 kabla. Ukigundua kosa kituoni, umeshachelewa.

Tunachotaka si kikubwa. Ofisi ya uraia ina majina ya wote walioapa. Na iwe kazi ya serikali kuyapeleka kunakohusika kabla hata barua moja haijatumwa. Mashine ikitushuku, mtu atutafute, apige simu, ataje majina yote matatu. Na orodha ya wanaokusudiwa kufutwa itolewe kila mara, mapema, tuitazame kwa macho yetu.

Wiki ile tulimsaidia Bibi kuipigia simu ile namba iliyokuwa kwenye kikaratasi, ajue kama kura yake imehesabiwa. Tulisubiri muda mrefu, simu iko mezani, chai inapoa. Hatimaye sauti ya binti ikatoka, yenye adabu, ikauliza jina. Tukalitaja mara tatu, kwa mipango mitatu. Akauliza tarehe ya kuzaliwa.

"Moja Januari," Bibi akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake.

Upande wa pili tukasikia vidole vikibonyeza, vikasimama. "Samahani, mama. Wako wengi hapa. Unaweza kuniambia tena jina la kwanza?"