Mbwa Aliyefyata Mkia Hastahili Bakora

Lugha yetu haijamtendea mbwa hisani. Mtu akitaka kumdunisha mwenzake humwita mbwa, na akitaka kumdunisha zaidi humwita mbwa koko. Mwoga naye husemwa kuwa amefyata mkia, kana kwamba kufyata mkia ni aibu wala si ishara. Yamkini msomaji atashangaa ni kwa nini mwanafunzi wa fasihi ajishughulishe na mbwa waoga wanaotunzwa katika makao ya wanyama. Jibu langu ni kwamba suala hili ni suala la usomaji: kuzisoma ishara za kiumbe asiyesema na kuzijibu ipasavyo. Aghalabu tunazisoma visivyo, na gharama yake hulipwa kwa damu.

Mwana wa mbwa hujifunza kumwamini binadamu mapema mno. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu walichokichapisha mwaka 1965, walionyesha kuwa kipindi muhimu huanza takribani wiki ya 3 ya maisha yake na kufikia takribani wiki ya 12. Aliyezaliwa mtaroni, akapitisha wiki hizo bila kuguswa kwa wema, kisha akakua akitupiwa mawe, huingia katika makao kama yale ya shirika la KSPCA jijini Nairobi akiwa amekwisha kuhitimu somo moja: mkono wa mtu huumiza. Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mbwa huyu hujikunyata pembeni, akalaza masikio, akalamba midomo pasipo chakula, akapiga miayo pasipo usingizi. Mgeni anayetafuta mbwa wa kufuga humpita, akamchagua yule anayetikisa mkia. Hivyo woga humnyima nyumba, na kukosa nyumba humzidishia woga.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa yake ni ukali: avutwe kwa mnyororo na kulazimishwa kukikabili anachokiogopa hadi azoee. Sikubaliani nao. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha matokeo ya jaribio la kuhuzunisha. Mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuepuka waliwekwa baadaye mahali ambapo wangeruka kizuizi kifupi tu na kuokoka. Wengi wao hawakuruka; walilala wakavumilia. Funzo li wazi: kimya cha mbwa aliyelazimishwa si utiifu, bali ni kukata tamaa. Tukimsifu mkufunzi kwa kimya hicho, tunasifu kidonda kwa kuwa kimefunikwa.

Njia ya upole haikubuniwa jana. Mwaka 1924, mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi mtoto aitwaye Peter alivyoondolewa hofu ya sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho huku sungura akiwa mbali, kisha akasogezwa kidogo kidogo, hadi mtoto akaweza kumgusa. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mbwa. Mtunzaji huketi ubavu ubavu bila kumkodolea macho, humrushia kipande cha nyama kutoka umbali ambao mbwa bado anaweza kula, kisha humwachia uamuzi wa kusogea. Akikataa kula, basi umbali huo ni mfupi mno, na anayepaswa kurudi nyuma ni mtu. Vipindi huwa vya dakika chache, kwa saa zile zile na kwa sauti ile ile. Haba na haba hujaza kibaba.

Fauka ya hayo, mbwa asiadhibiwe kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo. Anayechapwa kwa kutoa onyo hujifunza kuficha onyo, wala haondokewi na hofu. Siku ya siku huuma bila kutanguliza neno.

Najua swali litakaloulizwa: je, tuwajali mbwa ilhali wapo watoto wanaolala njaa? Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kuwa mtoto ndiye anayeumwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na takribani asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 Kenya iliazimia kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sasa, mbwa asiyeshikika atachanjwaje? Upole kwa mbwa si anasa ya matajiri. Ni sehemu ya afya ya umma. Hata katika mwambao wetu, ambako mate yake huhesabiwa najisi, husimuliwa hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Mbwa wengi nchini huamrishwa kwa Kiingereza, hata katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Mbwa hana lugha ya mama. Hufuata sauti isiyobadilika na inayofuatwa na tuzo. "Keti", "njoo", "tulia" na "baki" yanatosha kabisa. Aidha, maarifa niliyoyataja hapa yamejaa katika vitabu vya Kiingereza, ilhali mlinzi wa lango, mfugaji wa kijijini na mtoto anayepita vichochoroni huyahitaji kwa Kiswahili. Wanafunzi na wahadhiri wa idara zetu wanaweza kuandika kijitabu chepesi kuhusu ishara za mbwa mwenye hofu, kikasomwa shuleni. Tukifanya hivyo, huenda mtoto akaona mkia uliofyatwa, akaelewa unachosema, akaliweka chini jiwe alilolishika.