Pesa za Kuchunguza Polisi Hazipandi Mlima

Wasee, tusidanganyane. Pesa za kutafiti kazi ya polisi zipo. Shida ni moja: hazipandi mlima zikafika Mghange.

Mwaka jana mimi na wenzangu wanne tuliomba ufadhili. Swali letu lilikuwa dogo: kwa miezi sita, vijana wanaonaswa kwenye misako ya wikendi, wangapi wanafika kortini na wangapi wanatoa kitu kidogo wanarudi nyumbani? Hatukuitisha mamilioni. Nauli ya kushuka Mwatate na Voi, chakula, simu ya kurekodi. Basi.

Fomu ikataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na kurasa kumi na mbili za Kiingereza cha maprofesa. Kueleza unavyolijua eneo? Mistari mitano. Jibu likaja: hatuna uzoefu. Uzoefu gani? Mmoja wetu ni wa boda, amelala seli mara tatu na kortini hapajui.

Sasa sikiza kitu ambacho mtafiti wa kulala hoteli siku mbili hataulizia. Katiba, kifungu cha 49, inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha korti zimefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa usiku, hiyo ni Jumatatu. Hapo ndipo bei inaanzia. Bondi ya polisi ni bure, lakini nani atabishana usiku wa manane na kibarua kinamngoja asubuhi?

Aliyetoa mia tano akaenda zake halalamiki IPOA. Pengine hata kwa OB jina lake halimo. Kwa mafaili ya Nairobi huyo mtu hayuko kabisa. Anayemjua ni jirani yake, na jirani ndiye mnamnyima pesa.

Mtasema sisi tuna upande. Ndiyo, tunao. Kwani aliyetumwa na ofisi hana? Ndiyo maana tuliandika wazi tutahesabu vipi, anayetushuku ahesabu upya.

Wafadhili, tengeni fungu dogo la vikundi vya mashinani, na mpokee maombi ya Kiswahili. Na nyinyi vijana, msingoje. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuitisha habari serikalini, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Barua haihitaji mfadhili.

Yetu tunaipeleka Jumatatu.